Sentensi bila mtendaji: Kiingereza kilichoandikwa juu ya mto wetu

Wenzangu, hasa ninyi wa idara ya Kiingereza, lakini na ninyi wa sheria na wa maendeleo ambao kila mwezi munaandika ripoti kwa Kiingereza: leo tuongee juu ya kitu ambacho tulikikariri wote na wachache tu wanakitumia. Ni ile orodha ya majina ya mtindo na aina za sentensi. Sentensi sahili, ambatano, changamano. Tashbihi, sitiari, takriri, kejeli. Umbo la kutenda, umbo la kutendwa. Ukisonga mbele kidogo wanakuongezea ya Kigiriki, parataksi na hipotaksi, ili silabusi iuzwe vizuri. Siku ya mtihani tunarudisha orodha kama tulivyoipokea, tunapata pwenti zetu, kiisha tunaitupa.

Mimi nasema ile orodha iko na kazi. Kila jina ndani yake ni njia ya kuuliza sentensi swali: nani anatenda hapa, nani anatendewa, na nani ameondolewa ili asionekane? Fasi nzuri ya kujaribu swali hilo haiko London wala New York. Iko hapa kwetu, katika Kiingereza ambacho watu waliandika juu ya Mto Kongo wakati wa Leopold II.

Mwaka 1890 watu wawili walipanda huu mto mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Wa kwanza ni George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule kwao, mwanahistoria, na mtu aliyewahi kuwa mbunge katika jimbo la Ohio. Mwezi wa Julai, akiwa Stanley Falls, aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold. Wa pili ni Joseph Conrad, baharia Mpolandi, ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, nyuma ya Kipolandi na Kifaransa. Alifika Stanley Falls mwanzo wa Septemba na meli ndogo yenye jina la Roi des Belges. Wiki sita hivi ndizo zinawatenganisha. Williams alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 41. Conrad alirudi Ulaya mgonjwa, akangoja, na Heart of Darkness ikatoka mwaka 1899 ndani ya gazeti la Blackwood's, kiisha ndani ya kitabu mwaka 1902. Ulimwengu wote unamjua Conrad. Williams, uliza katika promotion yako ni wangapi wamemsikia.

Nianze na haki ya Conrad, juu wengi wanaomtukana hawajamsoma. Huyu mtu anajua kuandika. Kuna fasi mwanzoni ambapo msimuliaji wake, Marlow, anaona meli ya kivita ya Wafaransa imesimama baharini inapiga mizinga kuelekea pori. Hakuna kijiji kinachoonekana, hakuna jeshi. Angalia namna sentensi zimepangwa. Vishazi vifupi, kimoja kando ya kingine: mzinga unalia, moto mdogo unawaka na kuzimika, moshi kidogo, risasi inapiga kelele ya unyonge, kiisha hakuna kitu. Hakuna «kwa sababu», hakuna «ili», hakuna «hivyo basi». Hiyo njo parataksi: mambo yamewekwa sambamba na hakuna neno la kuyafunga kwa sababu na matokeo. Na hapa ile kukosa kiunganishi ndiyo hukumu yenyewe. Vita hivi havina sababu, kwa hiyo sarufi nayo imekataa kuvipatia sababu. Kama angeandika sentensi changamano yenye «ili kuwatiisha wakaaji», tayari angekuwa ameipatia meli ile udhuru.

Fasi nyingine ni pale meli ya Marlow inashambuliwa. Anaona vijiti vidogo vinaruka hewani, vinapita mbele ya pua yake. Sentensi kadhaa zinapita kabla neno «mishale» halijatajwa. Mhakiki Ian Watt, katika kitabu chake cha 1979 juu ya Conrad, aliipatia mbinu hii jina ambalo kwa Kiswahili tungeita kuchelewesha maana: jicho linapata kitu kwanza, akili inakipatia jina nyuma. Ni vile vile na zile nguzo mbele ya nyumba ya Kurtz. Kwa mbali unafikiri ni mapambo ya duara. Ukikaribia, ni vichwa vya watu. Hapo Marlow anaambiwa kwamba ni vya waasi, naye anacheka, maana tayari ameshasikia watu wanaitwa maadui, wahalifu, wafanyakazi, na sasa waasi. Mwandishi anayeweka hiyo orodha ya majina anaelewa vizuri kabisa namna neno linavyoweza kuua mtu mara ya pili.

Lakini meli ikiingia katikati ya msitu, Kiingereza chake kinabadilika. Sentensi zinarefuka kwa namna moja: kishazi kikuu kinafika mapema, kiisha vivumishi vinajipanga nyuma yake viwili viwili, vitatu vitatu, kama watu kwenye bomba la maji. Tuiite sentensi ya kulimbikiza. Kitenzi kimeshamaliza kazi yake, hakuna tena kitu kinachotendeka, lakini sauti inaendelea kupanda. Mwaka 1948 mhakiki Mwingereza F. R. Leavis aliona hiyo tabia na kuilaumu. Aliita ni ung'ang'anizi wa vivumishi: mwandishi anasisitiza kwamba kuna siri kubwa, na kadiri anavyosisitiza, ndivyo siri inavyopungua. Leavis alikuwa analalamika juu ya ufundi tu. Ilibidi Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 pale Amherst, Massachusetts, achukue ile hoja ya Leavis na kuonyesha kwamba si ufundi tu uliokosea. Huo ukungu uko na watu ndani yake.

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona haraka kuliko Mwingereza. Jaribu kutafsiri vile vivumishi vya Conrad. Vingi vinaanza na kiambishi cha kukana. Kwa Kiswahili vinakuwa: isiyoeleweka, isiyosemeka, isiyopenyeka, isiyofikirika. Mnaona kilichotokea? Kwa Kiingereza ni vivumishi tu, vimekaa juu ya nomino kama rangi juu ya ukuta. Kwa Kiswahili kila kimoja kimerudi kuwa kitenzi. Na kitenzi hakiachi mtu kulala. Isiyoeleweka, sawa, na nani? Isiyopenyeka, lakini wale wavuvi wanaopita mule kila asubuhi wanapita wapi? Kilichokuwa upungufu wa mtazamaji, yaani Marlow hajui lugha hata moja ya mto, kimehamishwa kikawa sifa ya msitu. Kivumishi ndicho kilichofanya hiyo safari ya kuhamisha.

Mfano mzuri kuliko yote ni ngoma. Usiku Marlow anasikia ngoma nyuma ya miti, na anasema hawakuweza kujua kama ni vita, amani ao sala. Ni kweli, hawakuweza. Lakini karibu na Kisangani ndiko kwao Walokele, watu wa uvuvi na wa ngoma ya kuzungumza. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, alichapisha mwaka 1949 kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kilokele ni lugha ya toni, na ile ngoma ya mti iko na sauti mbili, ya juu na ya chini. Haitoi konsonanti wala vokali, inatoa toni tu. Sasa maneno mengi yanafanana toni. Mpiga ngoma anafanya nini? Hatumi neno moja, anatuma kirai kirefu kilichokubaliwa na wote: baada ya jina la kitu anaweka maelezo yake ya siku zote, mpaka asiwepo mtu wa kukosea. Kwa maneno mengine, ngoma ile iko na sintaksia. Iko na takriri ya makusudi, iko na mtindo. Kile kilichoingia ndani ya riwaya kama kelele ya giza kilikuwa sentensi, tena sentensi iliyotungwa kwa uangalifu kuliko baadhi ya sentensi zinazoielezea.

Na Waafrika wenyewe wanaongea mara ngapi ndani ya kitabu? Achebe alihesabu: mara mbili. Mara ya kwanza ni kuomba wapewe watu wa kula. Mara ya pili ni kijana anayekuja kutangaza kwamba Kurtz amekufa, na anatangaza kwa Kiingereza kilichovunjika, sentensi isiyo na kitenzi. T. S. Eliot aliichukua hiyo sentensi akaiweka mbele ya shairi lake The Hollow Men la mwaka 1925. Ndiyo kusema sentensi ya Mkongomani yenye sifa kuliko zote katika Kiingereza ni sentensi pungufu, na kiima chake ni mzungu. Wengine huwaonekana katika vipande: mikono, miguu, macho, migongo. Darasani tunasema «sinekdoki, sehemu kwa kitu kizima», tunaandika, tunapita. Tusimame kidogo. Mtu akikatwa mikono na Force Publique na mwandishi naye akamkata vipande ndani ya sentensi, ile mbinu haiwezi kuwa pambo tu.

Sasa rudi kwa Williams. Barua yake iko na mashtaka 12, yamehesabiwa moja kwa moja. Mengi yanaanza na kiima kile kile: serikali ya mfalme. Serikali ya mfalme imefanya hivi, serikali ya mfalme iko na hatia ya vile, imevunja mikataba na wafanyakazi wake, imepiga risasi mitumbwi ya watu kinyume cha mkataba wa Berlin, inapiga vita vya dhuluma, inafanya biashara ya watumwa. Ni takriri ya mwanzo wa sentensi, ile ile tunayosifu kwa wahubiri. Wenye haraka watasema inachosha. Inachosha, ndiyo, kama vile hati ya mahakama inavyomchosha mshtakiwa. Leopold alikuwa Brussels, hajakanyaga Kongo hata siku moja, na kila sentensi inamvuta kwa koti mpaka Stanley Falls. Hakuna kitenzi kinachoachwa yatima. Kuna fasi moja tu inayonisumbua, shtaka la sita, juu ya wanawake wanaoletwa kwa kazi ya uasherati. Lile linaanza kwa umbo la kutendwa, wanawake ndio kiima. Sijui kama alilegea ao alikusudia tuwaone wao kwanza. Na Williams si malaika: juu ya ustaarabu bado anaongea lugha ya karne yake. Lakini ukisikia mtu anasema Conrad alikuwa mtu wa wakati wake tu, mpatie hii barua. Ni wakati ule ule na kituo kile kile.

Kuna atakayeniambia riwaya si hati ya mashtaka. Nakubali, na sisemi Conrad angeandika kama Williams. Ninamlinganisha na yeye mwenyewe. Yule aliyeandika mizinga ya Wafaransa bila kivumishi cha bure, alikuwa na uwezo wa kuandika msitu na watu wake kwa macho yale yale. Mahali mzungu anapofanya upumbavu, sentensi iko kavu na inaona. Mahali Mwafrika anaposimama ukingoni, sentensi inalewa. Hiyo tofauti hakuna homa ya Kongo inayoieleza yote.

Mtu wa tatu ni Roger Casement. Alikutana na Conrad pale Matadi mwaka 1890, na mwaka 1903, akiwa sasa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto kuchunguza habari za kaucho. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Kama lugha, ni Kiingereza cha ofisi, kikavu, wala hakuna mtu atakayekisoma kwa raha. Lakini angalia vitenzi vyake: nilifika, niliona, niliuliza, nilihesabu. Alikuwa amepita vijiji vingine mwaka 1887, kwa hiyo anaweza kulinganisha watu aliowakuta zamani na wachache waliobaki. Anaweka maneno ya mashahidi kama walivyoyatoa. Sentensi sahili kwa sehemu kubwa. Na kuna kitu kilichomkasirisha: kabla ya kuchapisha, wizara yake ya mambo ya inje iliondoa majina, ya watu na ya fasi, ikaweka herufi tu. Casement alipinga. Alielewa kwamba ripoti bila majina inampatia Leopold nafasi ya kusema haya yote ni hadithi.

Na hapa njo tunafika kwa sisi, juu leo Kiingereza juu ya Kongo hakiandikwi tena na Conrad. Kinaandikwa na sisi wenyewe, saa nne za usiku, kabla moto haujakatika, kwa shirika fulani linalotaka ripoti asubuhi.

Tunafundishwa kwamba Kiingereza cha ripoti ni cha kutendwa: nyumba zilichomwa, wanawake walibakwa, maisha yalipotea. George Orwell, katika insha yake ya 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, alitoa amri ya kuacha umbo la kutendwa kila mara linapowezekana la kutenda. Amri ile ni ya haraka mno, na yeye mwenyewe hakuifuata ndani ya insha ile ile. Umbo la kutendwa si dhambi. Nikisema Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, nimemweka Lumumba mbele, na ndiyo fasi yake. Tatizo ni lile neno dogo linalofuata, «na». Aliuawa na nani? Karibu miaka 40 ilipita mpaka tume ya bunge la Ubelgiji ikakubali, mwaka 2001, kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji na watu wengine wa kwao walikuwa na sehemu ya lawama. Kwa watoto wake, miaka yote ile ilikuwa ya kungoja sentensi imalizike.

Kiswahili chetu, tukikitumia vizuri, kinatusaidia kuona hatua ambazo Kiingereza kinazichanganya. «Walichoma kijiji»: kuna mtu. «Kijiji kilichomwa»: kuna mtu, hajatajwa, lakini mlango uko wazi, unaweza kuuliza na nani. «Kijiji kiliungua»: hakuna mtu tena. Moto ulijiwashia. Ni ile tofauti kila mama anaijua mtoto anapokuja na kusema kikombe kimevunjika. Kimevunjika chenyewe? Yule mtoto wa miaka minne anajua sarufi kuliko mabingwa wa mawasiliano. Na sasa tazama habari zetu za Kiswahili, za redio na za simu. «Mapigano yalizuka.» «Watu kumi walipoteza maisha.» Hii ya pili inanishinda. Mtu amepigwa risasi kichwani, na sentensi inamfanya yeye ndiye mtendaji: alipoteza maisha yake, kama vile mtu anavyopoteza ufunguo sokoni, asiyeangalia vitu vyake. Tuliichukua kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, tukaitafsiri neno kwa neno, na leo tunaisema hata kwenye matanga.

Najua jibu la wenzangu wanaofanya kazi huko ndani. Mtaniambia: wewe unaandika mjini, sisi tunarudi kulala kijijini, tukiandika nani alichoma, kesho anakuja kwetu. Hilo jibu ni la kweli na silicheki. Kuna maficho yanayookoa watu, na katika mambo haya ya mashahidi kuficha jina ni kazi ya lazima. Ninachoomba ni tuangalie maficho yameelekezwa wapi. Ripoti inayosema «shahidi mmoja, kijiji kimoja cha eneo hili», lakini kikosi kilichofanya kimetajwa wazi, hiyo imetumia sarufi kumlinda anayestahili kulindwa. Nimesoma nyingine, za mashirika nisiyoyataja hapa, ambamo mama aliyebakwa ameandikwa jina la mwanzo, umri, kijiji, hesabu ya watoto na kazi ya mume, mpaka jirani yeyote anamtambua, kiisha kitenzi kinafika na kinasema alibakwa, kituo.